Ati "Bila Msaada": Wafungwa Watatu, Mlima Kenya na Ile Picha Yangu

Kuna picha niliyoposti Agosti iliyopita nikiwa Point Lenana, mita 4,985 juu ya bahari, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua linachomoza nyuma yangu kama nimelilipa. Chini yake niliandika: "Peke yangu. Bila msaada. Nimetoboa." Ilipata laiki nyingi kuliko kitu chochote nimewahi kuposti.

Sasa acha niseme ukweli. Begi langu kubwa lilibebwa na mzee mmoja wa Nanyuki. Alibeba hilo begi, akabeba hema, mtungi wa gesi na sufuria, na bado alifika Shipton's Camp masaa mawili kabla yangu. Nilipofika huko nikihema kama mbwa wa mtaa, chai ilikuwa tayari. Usiku wa kwenda kileleni glavu zangu za Gikomba zililowa maji, vidole vikaanza kufa ganzi. Mzee akavua zake akanipa. "Vaa, kijana. Yangu ni mikono imezoea." Ukiangalia ile picha vizuri, glavu nilizovaa ni zake. Na aliyeshika simu akanipiga picha ni yeye.

Kwa hivyo "peke yangu" ilikuwa uongo, na nimekaa na huo uongo miezi kadhaa. Kilichonifanya nianze kuuchimba ni mambo ya hawa watu wanaokimbia na kutembea njia ndefu za milimani. Hao wana sheria kuhusu neno "msaada," na sheria zenyewe si za mchezo.

Wamarekani wawili, Buzz Burrell na Peter Bakwin, ndio walioeneza utaratibu huu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Si mashindano yenye tiketi na medali. Unachagua njia, unaenda ukiwa tayari, unarekodi muda wako, anayekuja baadaye anajaribu kuuvunja. Lakini lazima useme ulienda kwa mtindo gani. Wa kwanza ni ule wa kusaidiwa: una watu wako, wanakupelekea chakula, wanakukanda miguu. Wa pili ni wa kujitegemea: unaweza kuingia duka lolote njiani kama mtu mwingine yeyote, unaweza kujitumia katoni ya chakula posta mapema, lakini hakuna mtu wako anayekungoja na supu. Heather Anderson alitembea Pacific Crest Trail hivyo mwaka 2013, kutoka mpaka wa Mexico hadi mpaka wa Kanada, zaidi ya kilomita 4,000 kwa siku 60. Wa tatu ndio mgumu kabisa: kila kitu unachokula na kutumia umekibeba mgongoni tangu hatua ya kwanza, isipokuwa maji ya mtoni.

Nikajipima na hizo sheria. Mimi hata kwa ule mtindo wa kwanza ningeona aibu.

Halafu nikajiuliza: kwa huu mlima wetu, nani amewahi kwenda kwa ule mtindo wa tatu? Hapo ndipo nikaingia kwenye hadithi ambayo sielewi ni kwa nini hatukufundishwa shuleni.

Lakini kwanza tumalizane na Mackinder. Huyu Halford Mackinder ni Mwingereza aliyefika Batian, kilele cha juu kabisa, mita 5,199, tarehe 13 Septemba 1899. Vitabu vinasema yeye ndiye wa kwanza. Kileleni walikuwa watatu, yeye na waelekezi wawili wa milima kutoka Courmayeur, Italia: César Ollier na Joseph Brocherel. Sasa hesabu waliotoka nao Nairobi. Wazungu 6, Waswahili 66 kutoka pwani, Wakikuyu 96 na Wamaasai wawili wa kuonyesha njia. Watu 170, wasee, ili watatu wasimame kwenye jiwe. Njaa iliwashika, ikabidi watu watumwe kutafuta chakula, na Waswahili wawili wakauawa katika safari hiyo. Leo ukipanda kupitia Sirimon unatembea ndani ya bonde linaloitwa Mackinder's Valley. Vilele vyenyewe Mackinder alivipa majina ya Kimaasai, Batian, Nelion na Lenana, ukoo wa malaibon. Ni sawa, afadhali hivyo. Lakini hao wapagazi wawili waliokufa wakitafutia wenzao chakula, hakuna hata kijito chenye jina lao.

Haya, songa mbele hadi 1943.

Wale mnaoenda Naivasha kwa barabara ya chini mnalijua lile kanisa dogo la Mai Mahiu, lile ambalo kila mtu anasimama kupiga picha. Lilijengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942. Waitaliano walikuwa wameishika Ethiopia. Mwaka 1941 Waingereza waliwapiga huko, na sehemu kubwa ya jeshi lililowapiga walikuwa askari Waafrika, wakiwemo wa KAR kutoka hapa kwetu. Maelfu ya Waitaliano wakaletwa Kenya wakafungiwa makambini. Kambi moja ilikuwa Nanyuki, nambari 354, chini kabisa ya mlima.

Humo ndani alikuwemo Felice Benuzzi, jamaa wa miaka 32, zamani ofisa wa serikali ya kikoloni ya Italia kule Ethiopia. Adui yake mkubwa kambini hakuwa askari wa lindo. Ilikuwa ni kuboeka. Hakuna kitu cha kufanya, hakuna tarehe ya kutoka, kila siku ni ile ile ya jana. Wale waliokaa ndani wakati wa korona mkiwa Form Two mnaelewa kidogo, ila ninyi mlikuwa na simu. Asubuhi moja, baada ya siku nyingi za mvua na mawingu, pazia likafunguka na Benuzzi akauona mlima kwa mara ya kwanza. Barafu inang'aa juu ya msitu mweusi. Hapo hapo akaamua: nitatoroka, nitaupanda, halafu nitarudi.

Kurudi, ndio. Hapo ndipo kila mtu niliyemsimulia hii stori ananisimamisha. Kwani utoroke jela halafu ujirudishe? Lakini fikiria jiografia. Nchi ya karibu isiyokuwa vitani ilikuwa Msumbiji ya Wareno, na katikati kuna Tanganyika nzima. Mzungu asiye na karatasi, anayeongea Kiingereza cha Kiitaliano, angefika wapi? Kutoroka kwa kweli kulikuwa karibu haiwezekani. Mlima ulikuwa pale pale, unauona ukipiga mswaki.

Alitafuta wenzake kwa uangalifu kwa sababu ukiongea sana kambini habari zinamfikia mkubwa. Akampata Giovanni Balletto, daktari aliyewahi kupanda milima kwao. Wa tatu alikuwa Vincenzo Barsotti, ambaye hakuwa mpandaji wa milima hata kidogo, ila alikuwa na kile kichaa kidogo kinachohitajika.

Matayarisho yalichukua miezi, na hapa ndipo mimi nimekwama kwa hii hadithi, siwezi kuipita haraka. Hawa watu hawakuwa na kitu. Sisi tukitaka kupanda mlima tunaanza na kuangalia bei za jaketi. Wao walianza na takataka. Kwenye barafu unahitaji vyuma vyenye meno vya kufunga chini ya buti usiteleze. Wakatengeneza kutoka kwa mabati ya madigadi ya gari bovu yaliyotupwa, pamoja na waya wa seng'enge. Waya wa seng'enge! Ule ule uliowekwa kuwazuia. Unahitaji shoka la barafu. Wakaiba nyundo, mfungwa fundi akazifua upya. Kamba walitoa kwenye vitanda, mkonge uliokuwa umeshikilia magodoro. Mtu yeyote aliyewahi kufunga mbuzi kwa kamba ya mkonge anajua haikutengenezwa kubeba mwanadamu akining'inia kwenye jabali. Nguo za baridi wakashona kwa blanketi. Chakula wakawa wanakiweka kidogo kidogo kutoka kwa sahani zao wenyewe, na sigara, ambazo ndizo zilikuwa pesa za kambi, zikanunua kile kilichobaki.

Ramani je? Hawakuwa nayo. Walikuwa na mkebe wa chakula wenye lebo iliyochorwa Mlima Kenya. Ndio hiyo ramani. Waliusoma ule mchoro wa mkebe kama vile sisi tunavyosoma gugo map.

Tarehe 24 Januari 1943, wakiwa na ufunguo wa bandia wa geti, wakatoka.

Siku za kwanza walipita kwenye mashamba ya walowezi wakijificha, kwa sababu hatari hapo ilikuwa kuonekana na mtu. Baada ya hapo wakaingia msituni, na hatari ikawa kutoonekana na mtu kabisa. Hawakufuata njia kwa sababu njia zina watu. Wakaufuata mto, wakikata mianzi, migongo imevunjika kwa mzigo. Nimepita sehemu ya huo msitu kwa barabara nzuri ya Sirimon, mchana, na mzee mbele yangu, na bado nilipoona kinyesi cha ndovu kinachotoa mvuke nilikaribia kurudi Nairobi. Hao hawakuwa na bunduki. Usiku wanasikia vitu vinavunja matawi na wanashika mashoka yao ya nyundo.

Barsotti akaugua. Homa ikampiga vibaya, ikabidi wamwache kwenye kambi ya chini, mgonjwa, peke yake, huku wawili wakiendelea. Hiyo sehemu huwa haiko kwenye zile posti za kutia watu moyo. Unaweza kusema ni ushujaa au ni ukatili, mimi nadhani ni vyote viwili.

Benuzzi na Balletto walijaribu Batian. Wakaufuata ukingo wa kaskazini-magharibi, ambao hata leo na vifaa vya kisasa ni wa watu waliobobea. Wao hawakujua. Mkebe haukusema. Theluji ikaanza kupiga, kamba ya mkonge ikalowa ikawa ngumu kama fimbo, wakarudi nyuma wakiwa hai, na hilo lenyewe naona ni muujiza. Mtu wa kawaida angeishia hapo. Tarehe 6 Februari, chakula kikiwa karibu kuisha, wakapanda Lenana. Wakasimika bendera ya Italia waliyoishona wenyewe na kuacha chupa yenye majina yao ndani.

Kisha wakashuka kwa njaa, wakamchukua mwenzao, na baada ya siku 18 wakajirudisha kambini. Adhabu ilikuwa siku 28 za kufungiwa peke yao. Mkuu wa kambi akazipunguza hadi 7, kwa sababu, alisema, walifanya jambo la kimichezo. Baadaye wapandaji Waingereza waliifikia ile bendera na kuiteremsha. Benuzzi akaandika kitabu, kikatoka kwa Kiitaliano mwaka 1947 na kwa Kiingereza mwaka 1952. Tafuta, kinaitwa No Picnic on Mount Kenya.

Kwa zile sheria za leo, hawa ndio watu ninaowajua waliofika karibu zaidi na ule mtindo wa tatu kwenye mlima wetu. Hakuna mpagazi, hakuna duka, kila tembe ya chakula imetoka getini migongoni mwao. Niliwapenda kabisa. Kwa wiki mbili nilikuwa nawasimulia kila mtu: beste zangu, kinyozi, dereva wa matatu.

Alafu nikamsimulia nyanya yangu. Alizaliwa upande wa Nyeri, na mwaka huo wa 1943 alikuwa mtoto mdogo. Alinisikiza hadi mwisho, akaniuliza kitu kimoja tu: "Na hao, walipewa siku ngapi?"

Nikamwambia saba.

"Saba," akasema, akaendelea kuchambua maharagwe yake.

Ilinichukua muda kuelewa. Mwaka 1943 mwanaume Mwafrika pale Nanyuki hakuweza kutembea kati ya hayo mashamba bila kipande, ile karatasi ya alama za vidole iliyoning'inizwa shingoni kwenye kikopo cha chuma. Akipatikana bila hicho kipande ni faini au jela. Hakuwa mfungwa wa vita, hakuwa adui wa mtu, alikuwa kwao. Na hakuna mtu angempunguzia adhabu kwa sababu alitembea vizuri.

Na kuna hii nyingine. Nimesema kitabu kilitoka kwa Kiingereza 1952. Mwaka uo huo, Oktoba, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na ule msitu ambao Benuzzi aliupita kwa siku chache ukawa nyumba ya watu kwa miaka. Kiongozi wa Mau Mau upande wa Mlima Kenya alikuwa Waruhiu Itote, General China. Wakati Waitaliano wanakata kamba za vitanda Nanyuki, yeye alikuwa amevaa sare ya KAR, aliyojiunga nayo 1942. Alienda kuwapigania Waingereza Burma, akarudi nyumbani akakuta kipande bado kinamngoja. Watu wake walilala kwenye ile mianzi, wakapita ile baridi, na nguo nyingi zilikuwa za kujishonea kama za Benuzzi. Hakuna aliyekuwa anarekodi muda wao.

Lakini wao hawakuwahi kusema waliishi bila msaada, na serikali haikudhani hivyo pia. Chakula kilikuwa kinatoka vijijini usiku, kimebebwa na wanawake na watoto. Ndiyo maana Waingereza walilazimisha wanakijiji wachimbe mtaro mrefu sana kando ya msitu, wakapanda vijiti vilivyochongwa ndani yake, na watu wakahamishwa kwenye vijiji vyenye lindo. Kumbe ukitaka kumshinda mtu wa mlimani humfuati juu. Unamkatia aliye chini anayembebea.

Hapo nikarudi kwa Benuzzi na macho mengine. Fundi aliyefua nyundo alibaki kambini. Wenzake waliojua siri wakanyamaza siku 18. Barsotti alikaa na homa yake kambi ya chini. Bado ninawavulia kofia, sijabadilisha mawazo hapo. Ila "bila msaada" inategemea unaanzia wapi kuhesabu. Ukianzia getini, walikuwa peke yao. Ukianzia kwa ile nyundo, hapana.

Na mtu akiniuliza ni nani ninayetaka kuiga kwenye huo mlima, leo ningemtaja Kisoi Munyao. Ndiye Mwafrika wa kwanza aliyerekodiwa kupanda hadi juu kabisa, mwaka 1959, na Desemba 1963 ndiye aliyeipeleka bendera ya Kenya Lenana siku ya uhuru. Jiwe lile lile ambalo Waitaliano walisimika yao. Miaka 20 na miezi kumi baadaye. Tuna picha yake kwenye vichwa vyetu tangu darasa la nne na wengi wetu hatujui jina lake. Mimi mwenyewe nilikuwa namchanganya.

Sasa, kabla mtu hajaanza kupakia mkebe wa maharagwe: usiende huko peke yako. Si mchezo. Hewa ni nyembamba, kichwa kinakuuma kama kinafunguliwa na bisibisi, na mlima unabadilika kutoka jua hadi theluji kabla hujafunga zipu. Mwaka ujao mimi na wasee wawili tunataka kupita Sirimon hadi Chogoria tukibeba mizigo yetu wenyewe, kila kitu, kuanzia geti hadi geti. Kwa hivyo nimeanza mazoezi. Napanda ngazi za ploti yetu Kayole, gorofa saba, na jerikeni ya lita ishirini mgongoni, na caretaker anadhani nimerukwa na akili.

Ile picha sijaifuta. Nimebadilisha tu maneno ya chini. Nimeandika nilienda na nani na alibeba nini. Laiki hazikuongezeka, kama mnavyojua watu.

Jana nilimpigia mzee. Nilitaka kumuuliza amepanda Lenana mara ngapi, kwa sababu nilidhani labda kuna rekodi fulani hapo hata yeye hajui anayo. Alicheka sana. Akasema aliacha kuhesabu kitambo, kabla hata sijazaliwa. Nikamwambia mpango wetu wa mwaka ujao, kwamba safari hii tunajibebea. Akanyamaza kidogo, nikaogopa nimemkosea, si hiyo ndiyo kazi yake.

"Ni sawa," akasema. "Lakini kijana, zile glavu zangu ziko wapi?"

Zilikuwa chini ya kitanda changu. Nimezipeleka leo asubuhi kwa ofisi ya matatu za Nanyuki pale mjini, nikalipa mia mbili ya mzigo, na karani akaandika jina lake kwa kalamu nyeusi juu ya bahasha.